Siku Walipopima Kisigino cha Mama

Ijumaa, tarehe 14 Machi. Mvua ilianza kabla ya kupambazuka, ile nyembamba isiyo na radi, na mpaka saa nne asubuhi barabara yetu ya Mfaranyaki ilikuwa tope jekundu tupu. Mchana jua lilichungulia kidogo, likarudi ndani.

Leo nimesema jambo nililolificha karibu miaka miwili. Naliandika leo leo kwa sababu najijua: nikikaa wiki nitaanza kulisimulia kwa namna inayonipendelea. Shule nilikomea darasa la saba, kwa hiyo mpangilio unaweza kunishinda. Nitajitahidi nisimwonee mtu.

Mama ninayemwandika hapa ni mama mkwe wangu. Alikuja kwetu kutoka Lusewa mwaka juzi baada ya mavuno, maana magoti yalikuwa yanamsumbua na shamba lilikuwa limemshinda. Mume wangu ni fundi ujenzi, miezi mingi yuko Njombe kazini, na watoto wako bweni. Tulibaki wawili nyumbani, mimi na mama, na cherehani yangu barazani.

Alipofika alikuwa amekonda, na kwangu akazidi kukonda. Nilipika alichokipenda, naapa nilipika. Alikula matonge mawili, akasukuma sahani. Wifi yangu, yaani dada wa mume wangu anayekaa Ruhuwiko, alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya misa. Siku moja akamwangalia mama, akaniangalia mimi, akasema, "Wifi, mama amekuwa kijiti cha mbaazi. Au cherehani ndiyo inayokula?"

Alicheka aliposema. Mawifi ndivyo tulivyo, tunataniana, na mimi nilicheka pia. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini jirani alikuwa amekaa pale na alisikia, na tangu siku hiyo kila mteja aliyeleta kitambaa nilimwona kama anatupa jicho kwanza kwa mama pale kwenye mkeka, halafu kwangu. Huenda hawakutupa jicho lolote. Mimi ndiye niliyeyaona macho yao.

Nikaenda duka la dawa. Dada anayeuza pale ni mtu mstaarabu na sitaki mtu amlaumu. Nilimweleza magoti na kukosa hamu ya kula. Akanipa vidonge vya maumivu, na pamoja navyo vidonge vingine vidogo kama punje ya dengu, vile ambavyo mtaani tunaviita deksa. Akavifunga kwenye karatasi, akaandika: kimoja asubuhi, siku tano.

Siku ya tatu mama aliamka akaomba uji wa pili. Siku ya tano alitembea mwenyewe mpaka kwenye bomba la jirani na kurudi, hakugusa ukuta. Nilisimama barazani namwangalia, futi ya kupimia ikiwa shingoni, nikalia kwa furaha. Hilo nataka liandikwe pia, kwamba mwanzo ilikuwa furaha.

Siku tano zikaisha, maumivu yakarudi na sahani ikaanza kusukumwa. Nikarudi dukani. Mara ya tatu niliporudi, yule dada aliniambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa kulikuwa na watu, "Mama, hivi si vya kula kila siku. Mpeleke hospitali wakamwone." Nilimwitikia vizuri. Halafu sikurudi kwake tena. Nilianza kununua maduka mengine, leo hili, wiki ijayo lile, ili asiwepo wa kuniambia hivyo mara ya pili. Nimejaribu kutafuta njia ya kuliandika hili likaonekana dogo. Sijaipata.

Mama mwenyewe nilimwambia ni vitamini. Kila asubuhi alinyoosha kiganja bila kuuliza, kama anayepokea komunyo, akameza.

Akanenepa. Uso ukawa wa mviringo, mashavu yakajaa, tumbo likaja mbele. Mikono na miguu ilibaki myembamba, na ngozi ya mikono ikawa laini kama ganda la kitunguu, hata ukimshika kwa nguvu kidogo damu inavilia. Lakini nani anaangalia mikono ya mtu aliyevaa khanga mbili? Watu waliangalia uso. Nje ya kanisa akinamama walinishika mikono, wakasema mkwe kama huyu hapatikani. Na wifi yangu akasema mbele yao wote, "Hebu tuambie, wifi, mama unampa nini, hamira?"

Wakacheka sana. Neno hilo lilishika. Zaidi ya mwaka mzima, kila alipokuja alikuwa akiuliza hali ya hamira. Na mimi nilikuwa nikihesabu matonge ya mama wakati wa kula, nikampa wifi hesabu kama mtoto anayesoma matokeo: jana sita, juzi saba.

Mwishoni mwa Januari mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akibangua karanga. Akataka kuinuka. Akaegemeza kiganja chini, akajisukuma, na mimi nikiwa kwenye cherehani nikasikia sauti. Watu wakiniuliza huwa nasema alianguka, kwa kuwa ndivyo wanavyotegemea kusikia. Hakuanguka. Aliinuka tu, na kifundo cha mkono kikavunjika.

Hospitali walimfunga plasta. Daktari aliangalia picha, akauliza ameanguka kutoka wapi. Nikamwambia hajaanguka. Akasema mfupa wa mtu hauvunjiki kwa kuinuka kwenye kigoda, kuna kitu kimeuchosha. Alitwambia siku ya kutoa plasta kutakuwa na wataalamu wageni wenye mashine ndogo ya kupima uimara wa mifupa, tusikose.

Siku hiyo ilikuwa juzi, Jumatano. Tulikwenda na bajaji, mama, mimi na wifi. Plasta ikatolewa, mkono ukatoka umesinyaa. Kisha tukaingizwa chumba cha kipimo, ambamo muuguzi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikuwa na karatasi ya maswali. Alisema mashine inapima mfupa, ila maswali ndiyo yanayoeleza mfupa umefikaje hapo, kwa hiyo tumjibu kweli.

Akauliza umri. Akauliza kama mama mzazi wa mama aliwahi kuvunjika nyonga uzeeni. Wifi alikumbuka bibi yao alikuwa amepinda mgongo mpaka anatembea akiangalia vidole vya miguu, na muuguzi akaandika hilo. Akauliza pombe. Mama akajibu mwenyewe kwamba hanywi pombe, anakunywa ulanzi tu, tena msimu wake. Muuguzi akamwuliza ulanzi kama si pombe ni nini. Mama akasema, "Mwanangu, hayo ni maji ya mwanzi." Tukacheka wote, hata muuguzi, na akaandika.

Halafu akauliza siku zake za mwezi zilikoma akiwa na umri gani. Hapo nilisimama nitoke. Kwetu mkwe hasikii mambo kama hayo ya mama mkwe wake, na mama alikuwa tayari ameinamisha uso. Muuguzi akasema mtu anayekaa na mgonjwa abaki, kwa sababu ana maswali ya chakula na dawa. Nikabaki mlangoni, mgongo nimeuelekeza ndani. Mama akajibu kwa kunong'ona, akimwambia wifi kwa lugha ya kwao, wifi akasema kwa Kiswahili kwamba zilikoma mapema, kabla ya arobaini. Muuguzi akasema hilo nalo linapunguza mifupa.

Kisha akaniita mimi. Nilikuwa bado nimewapa mgongo.

"Mama, wewe unayekaa naye. Bibi amewahi kutumia vidonge vya deksa, au vya namna hiyo, kwa muda mrefu? Vile vya kuleta hamu ya kula, vya kunenepesha?"

Nilijua. Kabla hajamaliza kuuliza nilikuwa nimeshajua, uso wa mama, ngozi ya kitunguu, kigoda, vyote vilikuja kwa pamoja. Na wifi alikuwa amekaa pale pale.

"Hapana," nikasema. Na kwa kuwa kimya kilikuwa kinaniogopesha, nikaongeza, "Ila ananusa ugoro. Ananusa sana."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza ugoro. Muuguzi alikuwa hajafika kwenye tumbaku. Nilimtoa mama mwenyewe, nikamweka mbele, nikajificha nyuma yake.

Wifi akamgeukia mama, akasema si anaona sasa, amesemwa miaka mingapi kuhusu huo ugoro. Mama alivuta khanga akafunika kile kifuko cha kiunoni anamowekea kikopo chake.

Basi wakampima. Walimfuta kisigino, wakapaka kitu kama mafuta mazito, wakamwambia aingize mguu kwenye mashine yenye ukubwa wa boksi la viatu. Mama akauliza mbona wanapima mguu na uliovunjika ni mkono. Muuguzi akamwambia kisigino kinaweza kuisemea mifupa mingine, ingawa hakisemi yote, na kwamba mashine kubwa ambayo mtu analala ikampima nyonga na mgongo iko mbali. Hii ndogo inasaidia kujua nani ana haja ya kwenda huko. Haikuuma. Haikuchukua muda wa kushona kifungo.

Majibu yalikuwa mabaya. Muuguzi alitueleza kwa mfano wa mahindi yaliyoingiliwa na mdudu dumuzi: punje ukiiangalia kwa nje ni nzima, ukiibonyeza inabaki unga. Akasema kwa majibu tuliyompa, sababu zinaonekana ni umri, kukoma siku mapema, urithi, na ugoro nao umechangia. Akatwambia dagaa waliwe wazima na mifupa yao, maziwa yakipatikana, jua la asubuhi, kutembea kidogo kidogo, na ndani ya nyumba visiwepo vitu vya kumkwaza. Akampa vidonge vya madini ya mifupa na barua ya kurudi kwa daktari. Aliandika kila kitu vizuri. Kosa lililokuwa kwenye karatasi yake nililiweka mimi.

Tulipofika nyumbani na wifi ameshaondoka, mama alifungua kile kifuko, akatoa kikopo chake. Ni cha bati, kilikuwa cha mafuta ya kujipaka, kimesuguliwa na vidole mpaka maandishi yamekwisha. Alikuwa nacho tangu mume wangu hajazaliwa. Akaniwekea mkononi.

"Kitupe, mwanangu. Nimewasumbua. Kumbe mifupa nimeila mwenyewe."

Nilikipokea. Ningeweza kusema pale pale, tulikuwa wawili tu. Nikakipokea, nikasema, "Haya, mama," nikakiweka juu ya kabati.

Nilichofanya baadaye nilikiona ni kujirekebisha. Nilichukua vidonge vyote vya deksa vilivyobaki kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini za uzi, nikavitupa chooni. Nikajiambia yamekwisha. Kuanzia kesho hatumezi tena, mifupa itapona, na hakuna atakayejua. Nilisali hata kushukuru. Jana asubuhi mama alinyoosha kiganja kama kawaida, nikamwekea kidonge cha madini, akameza. Jioni alisema amechoka. Nikasema ni safari ya Jumatano.

Leo asubuhi hakuinuka. Nilimkuta amelala ubavu, amelowa jasho la baridi, ametapika kidogo kwenye khanga. Aliniangalia kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Nikamwinua akae, kichwa kikaanguka mbele.

Nilikimbia na mvua ile mpaka duka la dawa, lile la kwanza, la yule dada niliyemkimbia mwaka mzima na zaidi. Nilimkuta anafungua. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nilimwambia mama amekuwa anameza kimoja kila siku tangu mwaka juzi, na kwamba Jumatano nimevitupa vyote.

"Umekata ghafla, kwa siku moja?" akauliza. "Mama, hivyo havikatwi hivyo. Mwili ulishasahau kazi yake, unavitegemea. Mpeleke hospitali sasa hivi, na uwaambie. Usipowaambia watatafuta malaria mpaka awafie mikononi."

Akafunga duka, akaja kunisaidia kumpakia mama kwenye bajaji. Nataka hilo lisisahauliwe.

Njiani nilimpigia wifi. Nilimwambia mama kazidiwa tu, sikusema zaidi. Nilikuwa na wazo, na naliandika kwa aibu, kwamba nikifika kabla yake nitamwambia muuguzi kwa siri, atibiwe, na wifi abaki hajui. Lakini Ruhuwiko si mbali na wifi alikuta bodaboda. Nilipokuwa namshusha mama, alikuwa ameshafika mlangoni, viatu mkononi, miguu imejaa tope.

Muuguzi alikuwa yule yule wa miwani ya kamba. Akapima presha, akasema iko chini sana. Akaniuliza kuna kilichobadilika tangu Jumatano. Wifi alikuwa ameshika miguu ya mama. Mama alikuwa amefumbua macho, anatuangalia.

Nikasema. Sikusema vizuri, nilianza na magoti, nikaenda kwenye uji wa pili, muuguzi akanikatisha, "Alikuwa anatumia nini?" Nikasema deksa. Muda gani? Nikasema. Nikasema Jumatano nilidanganya, na kwamba ugoro niliutaja mimi ili tusiongelee vidonge. Sentensi hiyo ya mwisho haikuhitajika kwa matibabu. Niliisema nikiwa nimemwangalia mama, basi.

Muuguzi alikuwa ameshaita daktari. Wakamwekea dripu, wakamchoma sindano, na daktari akaeleza kwamba itabidi mama arudishiwe dawa ile ile niliyomharibia nayo, kisha ipunguzwe kidogo kidogo kwa miezi, chini ya macho yao. Akasema pia ile karatasi ya Jumatano itaandikwa upya, kwa sababu mifupa iliyoliwa na vidonge haishughulikiwi sawa na iliyochoka kwa umri peke yake. Akasema atamwandikia rufaa ya kile kipimo kikubwa.

Wifi alitoka nje. Nikajua ndiyo basi. Alikaa huko mpaka dripu ikafika nusu, akarudi ameosha miguu, na chupa ya uji mkononi. Akakaa kando yangu kwenye benchi. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Kumbe hamira ilikuwepo."

Akaendelea, akiangalia chupa, "Na mimi ndiye niliyekuwa nauliza kila wiki imeumuka kiasi gani."

Sitaki kuyafanya maneno hayo yawe msamaha, hakusema amenisamehe. Wala sitaki kumgawia sehemu ya kosa kwa sababu ya utani wake. Yeye alitania, mimi ndiye niliyenunua.

Alasiri mama alikuwa amekaa, anaongea. Daktari alitaka alale pale, mama akakataa katakata, akasema hakufa asubuhi aje kufia kwenye shuka za watu. Baada ya kumpima tena wakaturuhusu, kwa sharti kwamba kesho saa mbili awe pale, na dawa zake zishikwe na wifi. Hilo la mwisho alilisema daktari mbele yangu. Ni haki yake kulisema.

Wifi alirudi nasi, na nyumbani nilimlaza mama kwenye mkeka karibu na mlango, pale anapopenda kuona njia. Nikashusha kile kikopo kutoka juu ya kabati, nikapiga magoti, nikamwekea mbele yake kwa mikono miwili. Nilimwambia hakula mifupa yake. Nilimwambia muuguzi anasema ugoro nao si mzuri, siwezi kumdanganya tena hata kwa kumpoza, lakini mengi ni yangu.

Alikichukua, akakitikisa karibu na sikio, kama anayesikiliza kama kuna kitu kimebaki. Halafu akanirudishia.

"Kirudishe juu. Kwaresima wiki ya kwanza ilinishinda, nimeanza kuuacha Jumatano, nitafika Pasaka. Hiyo ni yangu na Mungu." Akapumzika. "Mifupa ni yako wewe. Uibebe."

Nikasema nitaibeba. Akasema tutaona, kisha akaniambia nitoe kile kigoda pale mlangoni, na nimnunulie kiti chenye mikono ya kuegemea, maana hatakaa chini tena kama kuku. Wifi akacheka, ndiyo mara ya kwanza kwa leo. Mimi sikucheka, niliogopa kwamba sijaruhusiwa.

Jioni tumekula ugali wa dona, majani ya maboga na dagaa wa Nyasa, wazima, na vichwa vyao. Wifi ndiye aliyepakua, na ndiye aliyempa mama kidonge chake kwanza, akamwambia jina la kidonge na kazi yake. Nilijikuta naanza kuhesabu matonge ya mama. Nilipofika la pili nikainamia sahani yangu, kwa hiyo sijui alikula mangapi.